Ngome ya Ohrid kwa Miguu Yangu

Naanza na hili ili wanangu wasije wakalipotosha nikishaondoka: kutoka ngome ya juu hadi kanisa la Kaneo, kule Ohrid, Makedonia, niliteremka kwa miguu yangu. Sikubebwa, wala hakuna aliyenisukuma. Anayesema nilibebwa hakuwepo. Aliyekuwepo ni jirani yangu, na mlango wake uko kando ya wangu hapa hapa Newtown, Birmingham. Mwende mkamuulize.

Mimi sikusoma sana. Masista wa Uvira, kwetu kando ya ziwa Tanganyika, walinifundisha hadi mwaka wa tatu, halafu baba akasema inatosha, kuna wadogo wa kulea. Lakini kichwa changu kinashika majina. Watu wote wa safari ile ninawakumbuka kwa majina, wale wazee wa Kizungu na marehemu waume zao waliokuwa wakiwataja, dereva wa basi, hata mbwa wa hoteli ya pili. Sitayaandika. Jina la mtu ni lake, na baadhi yao hawakunifurahia. Nitaandika yangu tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ile ya elfu mbili. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshahamia Acocks Green, upande mwingine wa mji, na mume na watoto. Anafanya kazi katika hospitali kubwa upande wa Harborne, wodi ya wazee, na kila siku anamwona bibi aliyevunjika nyonga akitoka bafuni. Akimwona bibi yule, ananiona mimi. Simlaumu kwa hilo. Ila mwaka ule alikuwa ameamua kwamba nitoke kwenye nyumba yangu ya kaunseli, ninayopangishwa na baraza la mji, ghorofa ya nne, ambako lifti huharibika kila mara, nikae kwake katika chumba cha mbele, chini.

"Utakuwa na televisheni yako, Mama. Choo kiko hapo hapo. Hupandi ngazi hata moja."

"Na nikitaka kutoka?"

"Utatoka na sisi. Wikendi."

Wikendi. Mimi niliyevuka mpaka wa Burundi na watoto, mmoja mgongoni na huyu huyu nikimshika mkono, nitakuwa natoka wikendi.

Watu wengine watafikiri binti yangu ni mkali. Si mkali. Amelelewa vizuri, na mimi ndiye niliyemlea. Kwetu mtu akizeeka anapewa kiti. Kwenye arusi, kwenye kilio, kanisani, ukiingia tu utasikia, "Koko, keti," maana koko ndiyo bibi. Ukisimama kuchukua maji, watu wanne wanainuka: "Koko, usihangaike, tutakuletea." Unaletewa maji, unaletewa bukari, ndio ugali wetu, unaletewa mtoto umbusu, halafu anaondolewa. Ni heshima, na ni tamu sana mwaka wa kwanza.

Basi tukapatana. Nilikuwa mwanachama wa klabu ya wazee pale ukumbi wa jamii, na klabu ilikuwa inaenda safari. Nikamwambia binti yangu: niache niende. Nikitembea kila mahali kama wengine na kurudi mzima, nyumba yangu ni yangu na hatutalizungumza tena.

Akafikiri, akasema, "Sawa. Lakini wakinipigia simu kwamba umewashinda, tunarudisha funguo za kaunseli mwisho wa mwezi. Namba yangu wanayo."

"Wanayo. Waache wakae nayo."

Klabu ile kwa kawaida ilikuwa ikienda baharini, mahali penye upepo na chipsi. Mwaka ule kiongozi wetu, mama wa Kiingereza aliyekuwa nesi kabla ya kustaafu, alitaka twende Makedonia. Wakati wa vita vya Kosovo alikuwa amejitolea kule kwenye kambi za wakimbizi, na tangu hapo alitamani kurudi aione nchi ikiwa imetulia. Akatupitishia picha. Kulikuwa na ziwa, na ng'ambo yake milima ya bluu imesimama kama ukiwa Uvira unatazama upande wa Burundi. Nikaishika ile picha muda mrefu mpaka mzee aliyekaa karibu yangu akakohoa. Nikaandikwa siku ile ile.

Jirani yangu akaandikwa kwa sababu nimeandikwa mimi. Yeye ni Msomali wa Kenya, alikulia Garissa, akapitia Uholanzi kabla ya kuja Birmingham. Mjane kama mimi. Kiswahili chake na changu hugombana kidogo halafu hupatana, na Kiingereza chake kinapita changu mbali. Aliambiwa na mtu kwamba huko kuna misikiti ya zamani sana katikati ya Wazungu, akataka aione kwa macho yake.

Sasa nieleze jambo la uwanja wa ndege, maana ndilo lililotuletea taabu yote.

Sisi tuliokuja Uingereza kwa njia ya ukimbizi, mama mzee hasafiri kwa ndege bila kuagiziwa kiti cha magurudumu. Miguu haihusiki. Tatizo ni njia. Mama hajui kusoma vibao, hajui mlango upi, ataulizwa maswali ashindwe kujibu. Lakini ukimwagizia kile kiti anakuja kijana mwenye koti la kung'aa, anamsukuma mbele ya foleni yote, anamkabidhi mlangoni pa ndege kama mzigo wenye thamani, na kule anakofika anapokelewa na kijana mwingine. Nimewaona akina mama wanaocheza kanisani hadi jasho linachuruzika, halafu uwanjani wameketi kwenye kile kiti, mikono mapajani, uso wa mgonjwa. Wote tunafanya hivyo. Hakuna anayeona ni uongo.

Binti yangu aliagiza changu bila kuniuliza. Nilipofika uwanjani nikakikuta. Kando yake kulikuwa na cha pili, na ndani yake ameketi jirani yangu, mkoba wake juu ya magoti.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Kijana wangu ameagiza."

"Una ugonjwa gani?"

"Sina ugonjwa. Nina watoto."

Tukacheka, tukasukumwa. Nikajiambia ni mara moja tu, nani atajua. Lakini kwenye makaratasi ya safari tulikuwa tumeshaandikwa, na makaratasi yalitangulia kufika kuliko sisi.

Tulipofika Skopje, mji mkuu, tulipokelewa na kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi, yeye ndiye wa kututembeza nchi nzima. Alikuwa na adabu sana. Alikuja moja kwa moja kwetu wawili, akainama, akasema kwa sauti ya polepole kwamba tusiwe na wasiwasi, ameshapanga. Chumba chetu kiko chini. Mahali penye kutembea tutabaki kwenye basi na dereva, na dirisha letu litakuwa lile kubwa la mbele.

Jirani yangu akanitafsiria. Nikasema, "Mwambie tunatembea."

Akamwambia. Kijana akatabasamu. "Bibi yangu naye husema hivyo hivyo," akasema, na akaenda kuhesabu masanduku.

Kwa hiyo asubuhi yake Skopje niliiona kwa kioo. Niliiona stesheni ya zamani ya treni, nusu yake imebomoka, na saa yake ukutani imesimama tangu tetemeko la ardhi lililoangusha mji. Wameiacha hivyo makusudi. Kwetu Uvira ardhi nayo hutikisika, sahani zinaongea kabatini, kwa hiyo nilitaka kushuka niutazame ule ukuta kwa karibu. Basi likapita. Tukafika mtoni, kwenye daraja la mawe la zamani, wenzetu wote wakashuka. Bwana mmoja wa klabu ambaye moyo wake unasaidiwa na betri alishuka. Mama mmoja mwenye fimbo mbili alishuka. Sisi tukaletewa kahawa.

Tukawa tunatazama migongo yao ikivuka daraja.

"Adhuhuri hiyo inaingia," akasema jirani yangu. "Na mimi naona mnara wa msikiti kule ng'ambo."

"Umbali gani?"

"Si mbali kama kutoka kwetu mpaka sokoni."

"Na sokoni tunaenda na kurudi na viazi," nikasema, nikachukua mkoba.

Dereva alikuwa nje anavuta sigara. Alituona tunashuka, akatazama miguu yetu, akatazama ngazi za basi, akasogea atupishe. Mtu yule alinielewa mapema kuliko wote.

Tukavuka daraja taratibu, mto unapita chini kwa haraka, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo kuna soko la zamani la Waturuki, vichochoro vya mawe, maduka ya viatu vya ngozi, dhahabu, magauni ya arusi yametuna kama keki. Jirani yangu alikuwa mtu mwingine. Kila aliyemtolea salamu alimwitikia, na wao wakamwitikia, na hakuna aliyeuliza anatoka wapi. Aliswali. Mimi nikamsubiri uani, penye bomba za kutawadhia. Mzee mmoja wa msikiti akaniona, akaenda ndani, akarudi amebeba kiti.

Nikamshukuru, nikakataa. Akadhani sikuelewa, akakifuta kwa mkono, akakisogeza. Nikakataa tena, nikabaki nimesimama. Alikuwa mtu mwema na sikutaka kumuudhi, lakini siku ile nisingekalia kiti hata cha mfalme.

Tuliporudi, wenzetu walikuwa wameketi kwenye basi wote, wanatusubiri. Kijana wetu alikuwa amekimbia mpaka sokoni akarudi, shati halikuwa na pasi tena. Hakupiga kelele. Alikwenda kuongea na kiongozi wa klabu, na kiongozi akatoa simu yake, na nikajua inakopigwa.

Jioni nikaitwa mapokezi. Binti yangu alikuwa kwenye simu.

"Mama, ulienda wapi?"

"Msikitini."

"Msikitini? Wewe?"

"Kumsindikiza mwenzangu."

"Mama, please. Watu wamekutafuta. Wanasema wewe ni wa wheelchair na umetoka bila msaada."

"Nani aliwaambia mimi ni wa wheelchair?"

Nikasikia anavuta pumzi. Nyuma yake televisheni ya watoto ilikuwa inacheka.

"Ile ilikuwa ya airport tu," akasema.

"Basi waambie hivyo hivyo. Mpe yule mama simu sasa hivi umwambie."

"Siwezi, Mama. Watajua tulidanganya. Mimi nafanya kazi hospitali, kuna watu wanakihitaji kile kiti kweli. Nitamwambiaje?"

"Kwa hiyo mimi nitakuwa kiwete wiki nzima ili wewe usione aibu."

"Kaa kwenye basi, Mama. Angalia dirishani, piga picha, kula vizuri. Hii moja nimekusamehe. Wakinipigia tena, tulishakubaliana. Na rangi ya chumba nimeshanunua."

Alikata yeye. Nilimrudishia msichana wa mapokezi simu yake na nikapanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa ya ile hoteli, kisha nikashuka. Hakuna aliyeniona. Sikuwa napanda ili mtu anione.

Kesho yake nilimwita kiongozi wa klabu na yule kijana, jirani yangu akatafsiri, nikawaeleza ukweli wote kuhusu viti vya uwanjani. Nikamwaibisha binti yangu mbele yao, ndiyo, kwa sababu aibu ile ilikuwa yetu sote na sikuona kwa nini niibebe peke yangu. Kiongozi alinisikiliza. Kijana naye alisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye magoti yangu. Mwishowe akasema tunaweza kushuka mahali palipo sawa, naye atatembea pamoja nasi. Mahali pa kupanda na kuteremka, hapana. Akianguka mtu, kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo kule Bitola, kwenye magofu ya mji wa kale wa Warumi, nilishuka. Pana sakafu za vijiwe vidogo vya rangi, vimepangwa vikawa wanyama na miti yenye matunda, na mvua za miaka yote hiyo hazijavitoa. Nilitaka kusimama nivitazame vizuri, lakini kijana alikuwa ameshika kiwiko changu namna unavyoshika kuku unayempeleka kwa mtu. Nikautoa mkono wake. Akaurudisha. Nikautoa. Jirani yangu akasema, "Mtaoana nyinyi."

Halafu tukaenda ziwa la Prespa, njia nzima miti ya matofaa, mengine yameanguka chini na hakuna mtoto wa kuyaokota. Prespa ni ziwa lililonyamaza. Ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo walikuwa wameketi juu ya maji kama wanasubiri kuitwa. Ufuko ulikuwa sawa, kwa hiyo kijana alipumzika, nami nikavua viatu nikaingia hadi kwenye vifundo. Maji yalikuwa baridi mpaka meno.

Pale karibu alikuwapo bibi mmoja wa kijiji, kitambaa cheusi kichwani, anaanika samaki wadogo kwenye wavu. Wadogo kama ndagala zetu, ndio dagaa. Nilimkaribia. Yeye hakujua lugha yangu wala mimi yake. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba mimi pia, zamani, hivi, nageuza, nafukuza nzi. Akacheka akaniachia upande mmoja wa wavu. Tukageuza pamoja. Mgongo wake ulikuwa umepinda kuliko wangu, na vidole vyake vimekakamaa. Alipomaliza akainua beseni lililojaa, akaliweka kiunoni, akapanda nalo njia ya kijijini. Wanaume wawili walikuwa wameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Hawakumwambia aketi. Walimwambia kitu, akawajibu kwa ukali, wakacheka wote watatu.

Nilimtazama mpaka akakata kona.

"Unawaza nini?" jirani yangu akaniuliza.

"Nawaza Acocks Green," nikasema.

Ohrid tulifika siku iliyofuata. Mji umepanda juu ya kilima, nyumba nyeupe zimebanana kama watu wanaopiga picha ya arusi, na chini yake ziwa. Ziwa lile ni la kale sana, waliniambia, la kale kama Tanganyika letu, maziwa ya namna hiyo duniani ni machache. Mimi nililijua kabla sijaambiwa. Ziwa la kale lina rangi yake.

Basi lilipanda kwa nyuma hadi karibu na ngome ya juu, alimokaa mfalme wao wa zamani. Kuta zake nene, bendera juu yake. Kutoka pale, wenzetu walikuwa wateremke kwa miguu katikati ya misonobari, wapite kwenye magofu ya makanisa, hadi kanisa dogo la Kaneo kwenye jabali juu ya maji, na chini ya jabali mashua iwachukue kuwarudisha mjini kula. Sisi wawili, basi lituteremshe.

Nilishuka na wengine kwenda kuiona ngome, maana mlangoni palikuwa sawa. Nikatazama chini. Niliona njia, misonobari, na mbali kidogo paa la lile kanisa, jekundu, na nyuma yake maji yote yale.

Kijana akaja. "Sasa turudi kwenye basi," akasema.

Na hapo bwana mmoja wa klabu, mtu mwema ajabu, akatokea anasukuma kiti cha magurudumu. Alikuwa amekiazima hotelini asubuhi bila kumwambia mtu, akakiweka kwenye sehemu ya mizigo. Alitaka kunifurahisha. Alikuwa amekusudia kunisukuma mwenyewe hadi mwanzo wa njia nione mandhari. Akakifungua mbele yangu, akakipigapiga, akaniita jina langu, na alilitamka vizuri.

Watu wote wakanitazama.

Sikuwa na hasira naye, na bado leo sina. Lakini niliwaza kwamba nikikaa hapa, nimekaa. Nitaketi hapa, nitaketi kwenye basi, nitaketi kwenye ndege, nitaketi chumba cha mbele na rangi yake mpya, na kila atakayeniletea maji atakuwa mtu mwema kama huyu.

"Mwambie asante," nikamwambia jirani yangu. "Mwambie kiti ni kizuri, aweke mkoba wake."

Nikaishika njia.

Nyuma yangu nikasikia kijana anaita, kiongozi anaita, halafu viatu vya jirani yangu. "Wewe mwanamke," akasema, anahema, "si ungeniambia nifunge kamba za viatu?"

Nisidanganye kwamba ilikuwa rahisi. Majani ya misonobari ni makavu na yanateleza kama mchele uliomwagika. Goti la kulia lilianza kusema mapema. Nilishuka kiubavu, kama tulivyokuwa tukishuka na mizigo milima ya Fizi kule kwetu, mguu mmoja unatangulia, wa pili unaufuata. Wenzetu walitupita, wengine wakiuliza kama tuko sawa, nami nikawa naitikia. Kijana alitangulia nao akigeuka kila saa. Hakuweza kugawanyika.

Mahali penye kona nikaanguka.

Nilianguka kwa mkono na paja, si kwa kichwa. Kiganja kikachubuka, kifundo cha mkono kikaanza kuvimba nikikiona. Jirani yangu akapiga magoti.

"Kaa hapo hapo, niwaite."

"Ukiwaita ni simu ya pili."

"Na kama umevunjika?"

"Nimevunjika wapi? Si unaona mguu nikiuita unakuja."

"Wewe ni mbishi mpaka Mungu anakuogopa."

"Shika mkoba wangu."

Akaushika. Nikaukumbatia msonobari, nikasimama kidogo kidogo, utomvu ukanishika kwenye kitenge. Sikumwomba Mungu anipe nguvu za kijana. Nilimwomba Wazungu wasigeuke nyuma kwa wakati huo, na hawakugeuka.

Tulipotokea Kaneo walikuwa wote wameketi kwenye ukuta, wamekula aiskrimu wamemaliza. Mwenye mashua alikuwa amesimama anaongea na kijana wetu kwa sauti. Bwana mmoja akatazama saa yake ili nimwone akiitazama. Tulikuwa tumewachelewesha, ni kweli, na chakula mjini kilikuwa kinapoa, na sikuomba radhi. Nilisema asante kwa kusubiri.

Kijana akanijia. "Mama, tulikuwa tumekubaliana."

Nikamjibu kwa Kiingereza changu kidogo kwamba aliyekubali alikuwa yeye.

Kisha nikaketi ukutani, kwa sababu nilitaka. Kanisa lile ni dogo, lingeingia lote kwenye ukumbi wetu wa Newtown. Chini ya miguu yangu jabali, chini ya jabali maji, unaona mawe ya chini kabisa. Ng'ambo milima. Mashua ndogo inapita inaacha mstari. Sikulia, ingawa jirani yangu anasema nililia. Nilikuwa natazama tu. Tangu niondoke Uvira sikuwa nimesimama juu ya ziwa nikiwa nimefika kwa miguu.

Kiongozi wa klabu alikuwa wa kwanza kuuona mkono. Unesi haumtoki mtu. Aliuosha kwa maji ya chupa, akaukunjakunja, akaufunga kwa skafu yake. Halafu akatoa simu.

"Lazima nimwambie binti yako," akasema.

"Nitamwambia mimi," nikasema. "Ni mkono wangu."

Sijui aliona nini. Labda aliwakumbuka wale wa kambini. Akairudisha simu mfukoni, akanipa pipi.

Binti yangu alikuja kwangu siku niliyorudi, na maboksi bapa ya kuhamia kwapani. Kabla ya salamu akaushika mkono, akaugeuza, akaubonyeza kama anavyofanya kazini.

"Ulianguka."

"Nilianguka. Nikainuka."

"Hawakunipigia."

"Niliwakataza."

"Kwa hiyo umeshinda kwa ujanja."

"Ujanja ni wewe uliyeniweka kwenye kiti nikiwa mzima."

Akakaa kwenye kochi langu. Alikuwa amechoka, bado na viatu vya kazini. Akaniambia kwamba wiki ile bibi mmoja wodini kwake alikuwa amekufa, nyonga, alianguka jikoni akakaa sakafuni mpaka asubuhi. "Unataka nije nikukute hivyo, Mama?"

Nikamwambia sitaki. Nikamwambia pia kwamba huenda atanikuta hivyo, hapa au kwake, na mimi nachagua hapa. Kwamba ngazi za nyumba hii nazipanda lifti ikifa, na nitazipanda mpaka siku nitakayosema mwenyewe nimeshindwa, na siku hiyo nitampigia simu mimi, si mtu mwingine. Akasema ninamfanya aonekane mtoto mbaya mbele ya watu wa kanisa. Nikasema watu wa kanisa waje waniulize. Akasema ameshapaka rangi. Nikasema nitakuja kuiona.

Akainuka kwenye kochi. Alitoka na maboksi yake, na kwa muda mrefu simu zake zilikuwa fupi.

Nilikwenda Jumamosi moja bila kumwambia. Mwenyewe, kwa basi. Alifungua mlango, akatazama nyuma yangu kuona nani kanileta. Chumba kilikuwa kizuri kwa kweli, rangi ya siagi, pazia jipya, kitanda cha chini. Nikakaa kwenye kitanda, nikakisifu. Akaleta chai. Tukazungumza juu ya watoto, na juu ya ziwa, maana aliuliza mwenyewe, lina samaki gani, watu wake wanakula nini. Alikuwa mdogo tulipoondoka Uvira, ziwa letu halikumbuki. Nikamweleza yote mawili pamoja, la huko na la kwetu, mpaka chai ikapoa.

Kisha nikavaa koti.

"Ngoja nikupeleke kwa gari," akasema.

"Basi linakuja."

Akachukua funguo zake, akaziweka chini, akavaa viatu. Tulitembea pamoja hadi kituoni. Hakunishika kiwiko. Tulipofika akasimama kando yangu mikono mfukoni, na basi lilipofungua mlango akaniacha nipande.

Wikendi iliyofuata wajukuu walianza kulala kwenye kile chumba kilichopakwa rangi kwa ajili yangu.